Malalamiko Kuhusu Mkono wa Marehemu Mume Wangu

Kwa Ndugu Mhariri wa Jarida la Usharika,

Salamu zangu zikukute salama hapo nyuma ya ukumbi wa kanisa, kwenye ile meza ambayo mguu wake mmoja umeegemezwa kwa kitabu cha nyimbo. Meza hiyo naijua vizuri kwa sababu juu yake ndipo nilipokatia majoho ya kwaya, yale ya zambarau. Mimi ni fundi cherehani wa duka la kona, yule ambaye haingii ibadani, lakini kila Jumapili kazi ya mikono yake inaingia na kusimama mbele kabisa. Pia ni mjane wa mwalimu wa chuo ambaye wanafunzi wake walimwita Mzee Chanzo, kwa kuwa kila alipoletewa habari, hata ya kupanda kwa bei ya sukari, aliuliza chanzo chake ni nini.

Huyo ndiye uliyemweka ukurasa wa kwanza mwezi uliopita, chini ya kichwa kisemacho MKANA MUNGU AINUA MIKONO. Kwanza nashukuru kwa picha. Imetoka vizuri, ingawa ni ya harusini, na pale ulipoikata ndipo ilipokuwa glasi.

Kwa wasomaji wako wasiomjua, naomba niseme hivi. Mume wangu alifundisha Biblia maisha yake yote bila kuiamini. Aliisoma kwa lugha ilizoandikiwa, aliijua kuliko nusu ya wazee wenu wa kanisa, na aliipenda kama mtu anavyozipenda barua za bibi yake, yaani kwa moyo wote, bila kudhani kuwa bibi hakuwahi kutia chumvi. Mapafu yalimshinda, akalazwa wodi ya wanaume katika hospitali kuu, akafia hapo mchana wa saa za kuangalia wagonjwa. Wiki ile ya mwisho, akiwa bado anaweza kusema maneno mawili matatu kwa pumzi moja, aliniambia: "Watanitia chumvi, mke wangu. Usiwaache." Nikamwahidi sitawaacha. Kwa hiyo naandika kutimiza ahadi, na malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili iwe rahisi kwako kuyapuuza moja moja.

1. Idadi ya mikono.

Mimi nilikuwepo. Mchana ule mume wangu aliinua mkono mmoja, wa kulia, ukafika usawa wa bega, akaushusha. Wodi ile ina nzi, Ndugu Mhariri. Alikuwa anamfukuza nzi. Hiyo ndiyo habari yote, na natambua kwamba haitoshi ukurasa wa kwanza.

Nesi wa zamu naye aliuona mkono huo. Alimwambia shemeji yangu koridoni kwamba mgonjwa "aliinua mkono kidogo, halafu akatulia". Na nesi sina ugomvi. Habari yake ni fupi, haimpandishi cheo, na baada ya kuitoa alikwenda kubadilisha shuka. Tatizo linaanzia kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa lenu, mtu ninayemheshimu kama inavyonipasa. Yeye alipokea mkono mmoja koridoni, akafika nao getini ikiwa miwili. Getini alisimama mwenyekiti wa kwaya, ambaye aliichukua mikono miwili akaiongezea neno "Bwana". Msibani Mchungaji akatusimulia sala nzima ya toba, yenye mwanzo, katikati na mwisho, mbele yangu mimi niliyekaa kwenye mkeka nikimtazama. Watu wakaniambia, pole, na hongera. Sijawahi kupewa maneno hayo mawili kwa pamoja isipokuwa nilipojifungua.

Ilipofika kwako, Ndugu Mhariri, ikawa imejifunza kuimba. Umeandika kuwa marehemu aliimba wimbo wote, beti zote, akiwa amevaa barakoa ya oksijeni. Mume wangu, alipokuwa mzima na mapafu yake mawili, hakuweza kumaliza ubeti mmoja wa wimbo wowote bila majirani kufunga madirisha. Tena umeandika kuwa umeme ulikuwa umekatika lakini wodi ilijaa nuru. Umeme haukukatika. Ungekatika, mashine ya oksijeni ingezima, na wimbo ungeishia ubeti wa kwanza.

2. Kumfanyia mwalimu lile alilolifundisha.

Lalamiko hili linaniuma kuliko yote, kwa hiyo nitajaribu kulisema taratibu.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kueleza jinsi habari inavyokua ikipita midomoni. Hakuwa na dharau katika hilo. Alipenda hasa ile asubuhi ya kaburi tupu. Alikuwa akija dukani jioni, anakaa kwenye kiti cha wateja, anasema: huyu anasema wanawake walikuwa watatu, yule wawili, yule anamtaja mmoja tu, huyu aliona kijana mmoja amevaa nguo nyeupe, yule wanaume wawili, mwingine malaika. Au ananihesabia vifo vya Yuda, kwa sababu pale amejinyonga na hapa ameanguka akapasuka tumbo. Mimi nakanyaga cherehani, namwambia basi mmoja wao anadanganya. Anakasirika. Anasema hapana, hakuna anayedanganya, kila mmoja anakumbuka kile ambacho watu wake walikihitaji, na uchungu wa watu wale unauona palepale kwenye mshono. Mshono naujua. Mtu akiniletea gauni lililounganishwa kutoka magauni mawili, hata kama rangi ni moja, kidole kinajua.

Watu aliowachukia, kama kuna aliowachukia, ni wale wanaopiga pasi. Wale wanaochukua waandishi wanne wa Injili wakawakandamiza mpaka akatoka mmoja, laini, asiye na kunyanzi. Alisema kufanya hivyo ni kuwanyamazisha mashahidi wanne kwa mpigo.

Na alikuwa na kanuni zake, ambazo kila mwanafunzi aliziandika na kila mwanafunzi akazisahau. Habari fupi kwa kawaida ni kongwe kuliko ndefu. Linalomwaibisha msimulizi huenda ni kweli, kwani hakuna anayejitungia aibu. Shahidi akiwa peke yake, mpe kiti lakini usimpe meza, yaani msikilize bila kujenga hoja juu yake. Na kila habari iulize: ulizaliwa umfae nani?

Sasa tazama. Kaburi la mwalimu huyo halijakauka udongo, naye amekuwa habari inayokua kwa kanuni zilezile. Nimekaa nikajaribu kucheka, kwa maana yeye angecheka, halafu angechukua kalamu akachora mishale: nesi, shemeji, getini, msibani, jaridani. Nilishindwa kucheka. Ningeweza kuvumilia mumtukane, maana matusi aliyazoea. Hiki mlichomvisha ni kilemba cha ukoka.

3. Hatari ya mikono kwa wanafamilia waliobaki.

Binti yetu ni mwalimu katika shule ya serikali, shule ambayo kwa sheria ni ya watoto wa watu wote, na kwa mazoea kikao chake cha walimu hufunguliwa kwa sala, hufungwa kwa sala, na katikati yake ndipo hupita haraka habari za upungufu wa madawati. Wiki mbili zilizopita mkuu wa shule alisimama na jarida lako mkononi, akamwomba binti yetu atoe ushuhuda wa baba yake. Binti yetu aliinua mkono kuomba aachwe.

Walipiga makofi. Mwalimu wa michezo alilia.

Toka siku hiyo, nyumbani kwetu tunaishi kwa uangalifu. Binti yangu akitaka chumvi mezani anaisemea, haionyeshi. Mimi mwenyewe nimeacha kuanika nguo kwenye kamba ya juu. Ukiinua mkono katika mtaa huu kumsimamisha mwenye pikipiki, hujui utateremkia wapi.

4. Chuo.

Chuo nacho, ambacho kinaendeshwa kwa kodi ya wanaosali na wasiosali, kimetangaza kuwa darasa alilofundishia marehemu litageuzwa chumba cha maombi kwa heshima yake. Wameanza kwa kuondoa ubao. Sina la kuongeza hapo.

5. Jiwe.

Hili ndilo linalonifanya nisisubiri hadi hasira zipoe. Shemeji yangu amemwagiza fundi mawe achonge kwenye jiwe la kaburi mikono miwili iliyoinuliwa, na chini yake maneno ALIRUDI NYUMBANI. Nilikwenda kwa fundi mwenyewe. Ni kijana mstaarabu, alinipa kiti akakifuta vumbi. Akaniambia, "Mama, mimi nachonga nilicholetewa, lakini nikishachonga, kusahihisha hakuna." Ameahidi kusubiri hadi toleo lako lijalo, kwa sababu shemeji amemwambia kila kitu kitathibitishwa humo, katika Toleo Maalumu.

Hapo ndipo tulipofika. Habari ya jarida itathibitisha jiwe, na baadaye jiwe litathibitisha jarida. Watoto wa watoto wangu watasimama pale, watamwona mtu asiyekuwa babu yao. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Kweli. Lakini hawakusema asiulizwe mjane.

Baada ya malalamiko, Ndugu Mhariri, naomba niwe mtu wa haki. Sitaki jarida lenu libadilishe utaratibu wake wa kukubali ushahidi. Nataka tu utaratibu huo utumike kwa wote. Kwa hiyo naleta kwako taarifa ifuatayo ili ichapwe katika toleo hilohilo, kwa herufi za ukubwa uleule:

MCHUNGAJI AIACHA IMANI. Jumatatu iliyopita, saa za asubuhi, Mchungaji alionekana mbele ya benki akiinua mkono. Mashahidi ni mimi, muuza vocha, na mlinzi wa benki. Muuza vocha anasema mkono ulikuwa mmoja. Mimi nilipofika dukani nikamweleza mteja, nilikuta imekuwa miwili, na sijui wa pili uliingia wapi. Mteja, ambaye ni mtu wa kuaminika na ana madeni machache, anakumbuka nimemwambia kuwa Mchungaji alisema kwa sauti, "Basi." Mlinzi wa benki hakusikia neno, lakini hakukanusha, kwa kuwa sikumuuliza. Anga lilikuwa na mawingu, ila mimi binafsi niliona vizuri sana.

Najua Mchungaji atasema alikuwa anasimamisha teksi. Ndivyo atakavyosema. Hata mume wangu angesema alikuwa anafukuza nzi, kama mngemwuliza kabla. Na tofauti ya wawili hawa ni kwamba Mchungaji yuko hai na anaweza kukanusha, jambo ambalo, kwa utaratibu wa jarida lenu, linapunguza sana thamani ya ushahidi wake. Kwa hiyo niko tayari kusubiri. Mchungaji akitangulia, nitakwenda kumwona hospitalini, nitakaa kando ya kitanda kwa upole, nami nitahesabu mikono. Naye ajue kuwa mimi ni mtu wa vipimo.

Kutokana na hayo yote, naomba mambo yafuatayo:

(a) Muunde baraza la kuamua habari zipi za kifo cha mume wangu ni halali. Napendekeza muishie nne, maana mna uzoefu na idadi hiyo. Ya nesi, ya shemeji, ya mwenyekiti wa kwaya na ya Mchungaji. Ya kwako yenye nuru iwekwe pembeni, isomwe na watu wazima.

(b) Hizo nne zichapwe kwa safu nne, sambamba, bila kupigwa pasi. Kila msomaji ajionee mkono unavyozaa mkono. Marehemu angefurahi kuliko kama mngemjengea kanisa zima.

(c) Iwapo baraza litashindwa kukubaliana, likaamua tu kuwa mume wangu ni mtakatifu, mimi sitapinga, ila naomba aanze kazi mara moja. Bomba la wodi ya wanaume halitoi maji tangu kabla hajalazwa. Wagonjwa wanaletewa ndoo. Miujiza ya nuru tumeipata bila kuiomba, basi na huu wa maji, ambao hata meneja wa hospitali angeufanya kwa koki mpya, tusiunyimwe.

(d) Fundi mawe aambiwe achonge jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, basi. Kama shemeji anaona jiwe litabaki tupu mno, achonge alama ya kuuliza. Hiyo marehemu aliitumia kila siku.

Nisieleweke vibaya. Sijaja kuwanyang'anya imani yenu. Majoho yenu nitaendelea kuyashona, na yule wa sauti ya nne aliyenenepa aje nimtolee upindo kabla hajatuaibisha. Kwenye mazishi mlibeba jeneza vizuri, mliimba vizuri, na chakula kilitosha. Siku zile nisingeweza kusimama bila ninyi, na nalisema hili bila kejeli, ingawa najua katika barua hii itakuwa vigumu kuamini. Lakini mtu wangu alikuwa mtu wangu. Aliishi miaka yote hiyo akikataa kusema asilolijua, kwa gharama ya vyeo na ya marafiki, na hata ya ndugu yake mkubwa, ambaye hakula kwetu kwa miaka mingi. Mlipomnyang'anya dakika yake ya mwisho, mlimnyang'anya na nyingine zote zilizotangulia. Nilimwahidi sitawaacha, nami siwaachi.

Nisalimie Mchungaji na mama mchungaji, mwenyekiti wa kwaya na sauti zote nne, shemeji yangu ukimwona kabla yangu, mzee wa kengele, akina mama wa maua, na yule binti anayepanga herufi za jarida, ambaye kosa lolote si lake. Muwe na afya.

Ni mimi katika utafutaji wa ukweli,
Fundi cherehani wa duka la kona,
Mjane wa Mzee Chanzo.

Baada ya kusaini:

Nilikuwa natafuta bahasha alipobisha hodi yule mzee wa kitanda cha jirani, aliyelazwa pamoja na marehemu. Ametoka hospitali, anatembea kwa fimbo, alikuja kutoa pole. Nilimsomea barua hii. Alisikiliza yote, akacheka nilipofika kwenye teksi ya Mchungaji, halafu akasema, "Lakini wewe mama hukuwepo."

Ni kweli. Nimeandika nilikuwepo. Hospitalini nilikuwepo. Wodini sikuwepo. Mume wangu alikuwa amepata usingizi nikashuka kantini, na nilipopanda nilimkuta nesi amesimama. Mkono niliusikia kwa nesi kama wenzangu. Nzi nilimtia mimi.

Yule mzee anasema mkono hakuuona, alikuwa amegeukia ukutani. Anachokumbuka ni kwamba kabla ya hapo mume wangu aliamka, akaangalia kiti changu, akamwambia: "Akirudi muulize wewe kama amekula. Mimi akiniona nauliza atasema ndiyo." Basi.

Ndugu Mhariri, nimeipima habari hii kwa kanuni zote za marehemu. Shahidi ni mmoja. Amekaa nayo wiki zote hizo bila kuisema. Haimwaibishi mtu. Na ukiiuliza ilizaliwa imfae nani, jibu limekaa hapa linaandika. Kwa kazi ya mume wangu, habari hii ingepewa kiti, meza ingenyimwa.

Nilimwomba mzee airudie. Akairudia, na mara ya pili ilikuwa ndefu kidogo, marehemu akalitaja na jina langu.

Naomba malalamiko yote uyaondoe, uchape hiyo ya pili.